Shetani Aliyetaka Kimya

Mtwara,
10 Machi 2024

Mjomba Selemani,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na naliandika kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitajaza karatasi yote kwa salamu. Siku ile waliponipunga shetani kwa Bibi, sikupona. Nilijifanya nimepona ili ngoma zinyamaze.

Basi, shikamoo. Mimi ni mzima, bado nipo bweni, na sasa niko kidato cha tatu. Mama hajambo, mguu wake umepona. Bibi yuko Mahurunga na mpunga wake. Mwaka huu viboko wametoka mtoni mapema na wamekula kona nzima ya shamba la jirani, kwa hiyo watu wanashinda wakipiga madebe. Mdogo wangu Asha yuko darasa la saba na anaringa kwa kuwa amenipita urefu. Wiki hii tunaanza mfungo. Nakutakia Ramadhani njema wewe na wa kwako wote hapo Tanga.

Siku ile hukuwepo, kwa hiyo nieleze. Nilikuwa mdogo, darasa la nne. Jirani alikuwa akioza binti yake. Kulikuwa na spika kubwa, jenereta, vigelegele, na jua lilikuwa likimulika kwenye bati jipya. Gauni langu la sherehe lilinichoma shingoni. Mjomba, kwangu sauti haziji moja moja. Zinakuja zote kwa pamoja, zimebanana, na kila moja inataka isikilizwe kwanza. Nikajikunja chini ya meza ya vyombo, nikaziba masikio, nikapiga ukelele. Bibi akasema nimepandwa. Wakamwita fundi wa kupunga mashetani, na dawa ya fundi ilikuwa ngoma, zikapigwa karibu kabisa na kichwa changu. Akauliza, "Wewe uliyemkalia mtoto wetu, unataka nini?" Nilikuwa nimeshasikia kwamba mashetani huomba vitu. Nikasema kwa sauti nzito, "Shuka jeupe. Nikipewa naondoka." Ngoma zikakatika. Shuka ninalo mpaka leo, nalala nalo hapa bweni. Ila shetani hakuondoka, maana hakuwepo.

Nakuambia haya kwa sababu Desemba Asha atachezwa unyago, na siku ya kumtoa mwali anataka mimi ndiye nimshikie mwavuli. Unajua mwenye mwavuli hatoki kando ya mwali hata kidogo, kuanzia mlangoni mpaka kwenye mkeka mbele ya ngoma, mpaka zawadi ziishe. Mama anasema ashike binamu yetu Mwanahamisi. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Shamimu, ile hali yako ikipanda mbele za watu, siku ya mdogo wako itaharibika." Naogopa kwamba anasema kweli. Lakini nataka kushika mwavuli ule kuliko ninavyotaka kufaulu Hisabati.

Katika picha uliyomtumia Mama upo bandarini, nyuma yako winchi imenyanyua kontena. Umevaa vifunika masikio vya njano na unacheka. Nyumbani sijawahi kukuona ukicheka, tena sherehe za nyumbani hujawahi kukaa mpaka mwisho. Ukivaa vile unasikia nini? Na kwa nini huji?

Naandika badala ya kuomba simu ya matroni kwa sababu simu inakwaruza na watu hupiga gumzo nyuma yangu. Barua haina kelele.

Mpwa wako,
Shamimu


Tanga,
28 Aprili 2024

Mpwa wangu Shamimu,

Marahaba. Barua yako ilifika kabla ya Idi, nami nimechelewa kujibu, unisamehe. Idi ilipita salama. Mke wangu anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili ya chini na anamuuma kila mtu. Mwambie mama yako nimefurahi kusikia kuhusu mguu. Viboko wa Mahurunga nawakumbuka. Madebe pia nayakumbuka.

Nimekufungia vifunika masikio vya njano, pea ya akiba ambayo haijavaliwa. Mzigo unakuja kwa basi, mama yako ataupokea stendi. Ukivivaa, sauti kubwa zinakuwa kama ziko nyumba ya tatu. Hapa kazini ni lazima, asiyevaa haruhusiwi kwenye mashine. Hakuna anayemcheka mwenzake kwa kuvaa.

Shuka uliomba vizuri. Kuna mtu aliomba jogoo mwekundu, akapewa, na jogoo huyo akawa anawika chini ya dirisha lake kila alfajiri kwa miaka.

Kuhusu kuja, zamu za bandarini ni nyingi.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako,
Selemani


Mtwara,
2 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo, na pole na kazi. Sisi tunaendelea. Bibi amevuna, amebakiwa na magunia ya kutosha licha ya viboko, na amesema atakuwekea mchele mpya hata kama huji. Amesema hivyohivyo, "hata kama haji." Asha ameanza mitihani ya majaribio. Mtoto akiacha kuuma uniambie.

Vifunika nimevipata. Nakushukuru sana, lakini sasa hivi viko kabatini kwa matroni. Nitaeleza.

Siku ya kwanza nilivivaa bwaloni wakati wa chakula cha mchana. Wewe hulijui bwalo letu: sahani za bati, vijiko vya bati, mabenchi yanayoburuzwa kwenye sakafu ya saruji, na wasichana wote wa shule wanaongea kwa wakati mmoja. Kwa kawaida nakunywa uji asubuhi halafu mchana nasema sina njaa. Nikavaa. Mjomba, kila kitu kikarudi nyuma. Nikawaona watu wanafungua midomo, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba Theresia, tunayekaa naye meza moja, anapocheka anafunika pua. Nikala sahani yote ya ugali na maharage.

Kisha nikaona meza nzima inanitazama. "Rubani!" Theresia alipaza sauti mpaka nikaisikia humo humo ndani. "Tunapita wapi leo, rubani? Masasi au Nairobi?" Tangu hapo naitwa Rubani, hata na wa kidato cha kwanza. Sichukii. Awali sikuwa na jina lolote, nilikuwa yule anayekaa mwisho wa benchi.

Kosa langu lilikuwa kurudi navyo chumba cha kusomea. Sikusikia kengele. Matroni alikuja akasimama mbele yangu, mimi naendelea kusoma Biolojia. Hapa simu ni marufuku, na yeye alidhani nasikiliza muziki. Akavigeuza, akatafuta waya, akatafuta mahali pa kuchaji. Hakupata. Akasema, "Basi hivi ni vya kisasa zaidi," akaondoka navyo.

Mwalimu Veronika, wa Fizikia, ndiye alinikuta nikilia nyuma ya maabara. Hakuuliza vimetoka wapi. Aliuliza, "Usipovivaa, unasikia nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia: nasikia feni, nasikia chaki, nasikia anayekwaruza dawati mstari wa nyuma na anayefagia nje, na sauti yako, mwalimu, iko katikati yao kama mtu mmoja kwenye mnada. Kesho yake alikuja bwaloni na simu yake. Ina programu inayopima kelele kwa mshale. Mshale ulisimama kwenye nyekundu. Akamwonyesha matroni, wakatazamana. Matroni amesema vifunika nitarudishiwa likizo, maana ni vikubwa na vinaficha kengele, lakini nikipata vidogo ambavyo bado nasikia navyo kengele na mwalimu, ameruhusu.

Je, viko vidogo?

Na hukujibu swali langu. Zamu si jibu, Mjomba. Nasema kwa heshima.

Shamimu (Rubani)


Tanga,
14 Julai 2024

Kwa Rubani,

Marahaba. Sote wazima. Mtoto bado anauma.

Viko. Ni vizibo laini, vina katundu kadogo katikati kenye kichujio. Kelele inapungua, maneno yanapita. Nimekuwekea pea mbili. Vioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, vikauke kabla ya kuvaa. Usivivae kutwa nzima. Ukikaa mahali penye utulivu vitoe, masikio yapumzike. Kizibo cha kulia kina alama nyekundu.

Mwalimu wako mpe salamu zangu na heshima zangu.

Swali lako nimeliona. Mvua huku zimekatika.

Selemani


Mtwara,
22 Septemba 2024

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Asha amemaliza mtihani wa darasa la saba na anasema ulikuwa rahisi, jambo linalomtia Mama wasiwasi. Korosho zimeanza kudondoka. Mama anaamka na ndoo kwenda kuokota. Bibi amekohoa kidogo lakini sasa yuko sawa.

Vizibo vinafanya kazi. Navivaa ndani ya mtandio, havionekani kabisa. Nasikia kengele. Namsikia Mwalimu Veronika, tena peke yake, kana kwamba wengine wamepewa viti vya nyuma. Nakula mchana kila siku. Theresia amenijaribu mara nyingi, ananinong'oneza umbea ili aone kama nasikia. Nasikia vizuri mno, namwambia, punguza uongo.

Kumbe yapo mengine pia. Chumba cha kompyuta kilikuwa kinaniuma macho, nikadhani nahitaji miwani. Mwalimu Veronika akapunguza mwanga wa kioo na kugeuza rangi, maandishi meupe juu ya weusi. Nikaandika kurasa mbili bila kichwa kuuma. Na lebo za mashati yangu nimezikata zote kwa wembe, ambao nadhani nao ni kifaa. Nilidhani mimi ndiye nimeharibika. Sasa naona ni suala la kurekebisha, kama mtu anavyosogeza taa.

Nimejaribu pia jambo kubwa. Siku ya mahafali ya kidato cha nne kikundi cha ngoma kilikuja. Nilikwenda nikasimama karibu na mpigaji, nimevaa vizibo. Mapigo yalinitikisa kifua, lakini nilibaki pale. Ngoma nikaisikia ni ngoma. Inapendeza, Mjomba! Mapigo yake yana mpangilio, kumbe watu walikuwa wanacheza kitu halisi miaka yote hii.

Nilimwambia Mama alipokuja siku ya kutembelewa. Akavishika vizibo, akavitazama, akasema, "Hivi vidudu ndivyo vitashindana na ngoma za Mahurunga?" Bado anataka Mwanahamisi. Asha naye kamjibu kwamba asiposhikiwa na mimi hatoki ndani, wakae na mwali wao mpaka aote mvi.

Nina swali tofauti safari hii. Jogoo mwekundu alipewa nani?

Wako,
Shamimu


Tanga,
17 Novemba 2024

Shamimu,

Marahaba, mwanangu. Tumepokea salamu zote. Mtoto ameacha kuuma, sasa anapiga sufuria kwa mwiko. Kwa hiyo nimevaa vifunika nyumbani pia. Mke wangu alicheka, halafu akazoea.

Jogoo nilipewa mimi.

Nilikuwa na umri kama uliokuwa nao siku ile ya ngoma, au nimekuzidi kidogo. Ilikuwa siku yetu ya kutoka jandoni. Ngoma zilipoanza nilikimbia, nikakaa kwenye mpunga mpaka waliponikuta. Mama yangu, yaani Bibi yako, alilia mbele za watu. Wakaniitia fundi. Fundi aliuliza, nami nikataja kitu cha kwanza nilichokiona, na jogoo alikuwa anapita. Nilipopata kazi ya kwanza niliondoka. Watu walisema nimejiona. Niliwaacha waseme, ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Na sikuwa na maneno ya kueleza mpaka nilipoyasoma kwenye barua yako ya mwezi wa tatu.

Mjomba mtu anapaswa kuwepo mpwa wake anapotolewa. Najua. Nimetuma nguo na khanga za Asha, na doti ya khanga kwa Bibi. Lakini sitakuja. Si zamu. Vizibo ninavyo, mimi ndiye niliyekupa. Kinachonishinda ni uso wa Bibi yako siku ile.

Wewe shika mwavuli. Kama mama yako atakuuliza, mwambie mjomba wake Asha amesema. Katika hili neno langu bado lina uzito hapo kwetu, naona nilitumie.

Selemani


Mahurunga,
29 Desemba 2024

Mjomba Selemani,

Shikamoo. Mama mzima, Bibi mzima, Asha ametoka. Nimeshika mwavuli.

Nitaanza mwanzo. Barua yako nilimsomea Mama ule mstari wa mwisho tu, mengine nikayakunja. Akasema, "Selemani kasema hivyo? Selemani ambaye haongei?" Akaenda kuutoa mwavuli sandukuni, ule mwekundu wenye marembo, akanipa. Mwanahamisi alinuna kidogo halafu akapewa kazi ya kupokea zawadi, akachangamka.

Asubuhi walimtoa Asha amefunikwa khanga zako mpya, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Unajua mwali hatazami mtu, macho yake yanabaki chini na haruhusiwi kusema. Kwa Asha hiyo ni kazi ngumu. Nilivaa vizibo, na mtandio juu yake. Tukatoka mlangoni. Ngoma zikapokea, vigelegele vikapanda, na vumbi nalo. Nikasema moyoni, ni ngoma tu, iko nyumba ya tatu. Tukatembea polepole mpaka kwenye mkeka. Nilikuwa naweza. Nilikuwa hata natabasamu.

Mkekani shangazi mmoja akaja akicheza, akanikumbatia kwa furaha, na mtandio ukavutika. Kizibo cha kulia kikadondoka. Mjomba, upande mmoja wa dunia ulifunguka kama mlango uliopigwa teke. Mikono yote miwili nimeshika mwavuli. Sikujua kilipoangukia. Niliona nyeupe pembeni mwa macho, kama siku ile ya meza. Nikaanza kutafuta njia ya kukimbilia, na njia ilikuwepo, upande wa mpunga.

Lakini yupo mtu mmoja tu pale uwanjani ambaye alikuwa akitazama chini. Asha alikiona kizibo kinaanguka. Akakiwekea kidole cha mguu. Kisha akajifanya khanga imemponyoka, akainama.

"Mwali, tulia!" kungwi alimkemea. "Huyu naye! Kakaa ndani siku zote hizo, bado ana wenge!" Wanawake wakacheka. Asha akanyanyuka, macho chini, uso mtiifu kabisa, na akanisukumia kizibo kwenye kiganja. Nikabana mpini wa mwavuli kwapani, nikakipangusa kwenye khanga, nikakirudisha. Mlango ukafungwa. Mwavuli haukuinama hata kidogo, au labda kidogo. Tulikaa mpaka zawadi ya mwisho, ambayo ilikuwa beseni la mchele wa Bibi.

Bibi aliniona. Watu walipokuwa wanakula aliniita nyuma ya jiko. "Umeingiza nini sikioni?" Nikavitoa nikampa mkononi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka kuogopa, nikamwambia yote: kwamba siku ile sikupona, kwamba shuka nililitaka mimi, kwamba ngoma ndizo zilizokuwa ugonjwa.

Bibi alivigeuzageuza vizibo kwenye kiganja. Nilijua atalia au atanichapa. Akasema, "Kwa hiyo huyu shetani wako siku zote alikuwa anataka kimya?"

"Hakuna shetani, Bibi."

"Nimekusikia. Nasema alitaka kimya, nasi tunampigia ngoma." Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, mpaka ikabidi akae kwenye kinu. "Na mimi ndiye niliyemlipa fundi!" Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa khanga. Halafu akasema, bila mimi kutaja jina lako, kwa maana nilikuwa nimeapa sitakutaja, "Na yule wa jogoo?"

Nikajifanya naufunga mtandio upya. Nadhani hilo lilimtosha kuwa jibu.

"Siku ile nililia," alisema. "Kila mtu alidhani nalia aibu. Nilikuwa nimemtafuta kwenye mpunga tangu asubuhi nikidhani kiboko amemuua mwanangu. Nililia kwa kuwa alikuwa hai. Hakuwahi kuniuliza, nami sikumwambia."

Alitaka tukupigie simu palepale, huku ngoma zinaendelea uwanjani. Nikamwambia hapana, Bibi, huyu ataandikiwa. Basi leo amekaa kando yangu kwenye jamvi, ananitajia, nami naandika kama anavyosema, bila kubadilisha:

"Selemani. Mchele wako upo. Jogoo nilimchinja mwaka uleule ulipoondoka. Redio nimeizima, nyumba haina kelele. Njoo siku isiyo na sherehe, njoo siku ya kawaida tu, tutakaa."

Amenirudishia vizibo, ila ameomba abaki na pea ya pili aijaribu kwenye harusi ya mwezi ujao, kwa kuwa anasema spika za siku hizi hata yeye zinamchosha. Nimempa. Nimemwonyesha chenye alama nyekundu ni cha kulia.

Nikimaliza hapa nitaikunja barua hii, nitaitia kwenye bahasha, niende barabarani na Asha kumpa dereva wa gari la Mtwara aipeleke posta. Kisha tutarudi nyumbani, tuchukue ndoo, twende kuokota korosho za mwisho.

Mpwa wako,
Shamimu